Tani Zisizo na Karatasi: Goma hadi Bukavu Nyuma ya Mifuko ya Sukari

Kiangazi cha 2019. Sisi ni wapelelezi binafsi, na mteja wetu ni mfanyabiashara wa vyakula wa Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ananunua sukari na mafuta ya kupikia Goma, anapakia kwenye meli ya mizigo ya Ziwa Kivu, na hesabu inakataa kila mara. Komisioneri wake wa Goma, wakala anayemshughulikia malipo ya bandarini, humtumia faktura ya mistari 15, na mstari wa mwisho, ulio mnene kuliko yote, unasema tu “gharama mbalimbali”. Anataka kujua pesa hiyo inaliwa wapi. Mzigo wa safari hii: mifuko 400 ya sukari ya kilo 50 na bidoni 100 za mafuta za lita 20, jumla kama tani 22.

Jumapili, Goma

Siku ya meza na karatasi. Mpelelezi anayeanzia bandarini, hadi saa sita mchana wabebaji wote wameshamjua na hakuna atakayemwambia kitu. Anayeanza na karatasi anafika bandarini akijua tayari dawati gani la kutazama.

Kwanza mipaka ya kazi yenyewe. Mpelelezi binafsi Kongo hana mamlaka ya polisi: hakamati, hapekui, hasikilizi simu ya mtu. Akijitambulisha kama wakala wa serikali ametenda kosa. Na akitoa matabishi, yaani rushwa, ili aone jinsi yanavyopokewa, ameingia mwenyewe kwenye sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005, inayomwadhibu mtoaji pamoja na mpokeaji. Kwa hiyo barua ya kazi iliyosainiwa na mteja inataja mambo matatu tu: kusindikiza mzigo wake, kuhesabu mzigo wake, kusoma karatasi zake. Neno “wake” ndilo kinga. Kila kitu kwenye safari hii kinapitia haki ambayo mwenye mzigo anayo tayari.

Halafu jedwali. Safu ya kwanza: nani anatoza. Ya pili: kwa andiko gani la sheria. Ya tatu: kwa noti ya malipo au risiti namba ngapi. Ya nne: pesa iliingia konti ipi. Mistari 15 ya komisioneri inapangwa humo mmoja mmoja. Safu ya pili ndiyo inayoangusha wengi, na ili kuijaza lazima mtu ajue historia kidogo.

Kuanzia 1998 hadi 2003 Goma na Bukavu zilikuwa chini ya waasi wa RCD, na ushuru ulikuwa wa yule aliyeshika mahali. Vita ilipokwisha na nchi ikaunganishwa, watu wengi waliokuwa wakitoza kwenye magati walibaki pale pale, wengine kwa kofia mpya. Kinshasa ilikuwa imeshatoa dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002, inayoruhusu huduma nne tu kukaa mipakani: forodha, ofisi ya udhibiti wa bidhaa OCC, uhamiaji DGM, na usafi wa afya. Nne. Tena hiyo ni kwa mpaka. Safari ya Goma kwenda Bukavu ni kutoka jimbo moja la Kongo kwenda jingine, na sukari iliyolipiwa forodha ilipoingia nchini haidaiwi forodha mara ya pili kwa sababu imepanda meli. Zinazobaki ni ada za bandari na kodi za jimbo na za mji, na kodi hizo zimeorodheshwa kwenye amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kodi isiyomo kwenye orodha ile haina mahali pa kusimama, hata ikiwa na muhuri wa rangi tatu.

Jioni jedwali linaonyesha mafungu matatu. Malipo yenye noti ya persepsioni, yaani hati ya kulipia benki, na alama ya benki. Malipo yenye risiti ya daftari bila benki. Na malipo yasiyo na karatasi yoyote, ambayo yote yamemwagwa ndani ya “gharama mbalimbali”.

Jumatatu, kutoka depo ya Birere hadi gatini

Kabla ya kupakia, mzani. Mzani wa depo usiaminiwe kwa sababu tu ni mkubwa. Unajaribiwa kwa katoni za maji ya chupa zilizofungwa kiwandani: chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18 za maji, na plastiki inaongeza gramu mia chache. Katoni mbili zikiwekwa pamoja mzani usome kilo 36 na kitu. Ukisoma 38, hitilafu inaandikwa na kutolewa kwenye kila namba inayofuata. Ukisoma tofauti kila unapoujaribu, tafuta mzani mwingine, maana hitilafu inayobadilika haisahihishiki.

Kila mfuko wa kumi unashonwa uzi wa bluu kwenye kona ya chini, mishono mitatu, kwa sindano ya magunia. Hiyo ni mifuko 40 yenye alama, na hiyo 40 inapimwa mmoja mmoja: wastani kilo 50.2 pamoja na gunia lenyewe. Alama inawekwa chini kwa sababu mbebaji hushika juu, na anayechokonoa mfuko hutazama juu pia.

Lori la Fuso linapiga raundi tatu. Mwenzetu mmoja anakaa kando ya dereva na saa mkononi, anaandika kila kusimamishwa: mahali, saa, dakika ngapi, karatasi gani iliyoombwa. Baada ya raundi ya pili mpangilio unaonekana wenyewe. Kizuizi kinachotaka kweli karatasi huchukua dakika nne au tano, kwa sababu mtu anasoma. Kizuizi kinachotaka kitu kingine huchukua nusu dakika, na karatasi zinarudi zikiwa hazijafunguliwa. Hakuna haja ya kuona noti ikipita mkononi. Dakika zinatosha kuonyesha pa kuuliza.

Getini watu wananawa kwa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso, kwa ajili ya Ebola. Foleni hii ina faida kwa anayehesabu: anasimama kihalali robo saa mahali anapoona madawati yote. Madawati ni 9. Saba yalidai pesa kwa mzigo wetu. Mawili yalitoa noti ya kulipwa benki, mawili yalikata risiti ya daftari, matatu yalipokea bila kuandika neno. Aliyelipa ni komisioneri, kama kawaida yake. Sisi hatukutoa hata franka moja wala kumwambia asitoe. Ukibadilisha desturi siku unayoipima, utakuwa umepima siku isiyo ya kawaida.

Kamera haitolewi mfukoni. Bandari inahesabiwa mahali pa usalama, na picha moja ya gati inatosha kupoteza simu na siku nzima ofisini kwa mtu. Daftari dogo la mauzo, lile la kila muuza duka, halimshtui yeyote.

Usiku kunaangaliwa malori yanayoingia baada ya madawati kufungwa. Neno kwa wanaofanya kazi hii ufukweni mwa Goma: usikae kwenye shimo wala bonde dogo la mawe ya lava ili ujifiche, hasa upande wa Himbi na Kyeshero. Kuna mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hainuki wala haionekani, na usiku bila upepo inajaa shimoni kimyakimya. Mbuzi aliyelala chini hufa huku mtu aliyesimama kando haoni kitu. Kaa juu, hata kama utaonekana.

Malori yaliyoingia baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni: manne, yote yamefunikwa turubai.

Jumanne, gatini

Hii ndiyo siku ya kazi yenyewe, na chombo chake ni kamba.

Meli ikipakiwa inazama kidogo kidogo, na kiasi inachozama hakidanganyi. Vinavyohitajika ni urefu wa meli kwenye mstari wa maji, upana wake, na kimo cha ubavu kutoka sitaha hadi majini, kabla ya kupakia na baada yake. Kamba ni ya nailoni, mita tatu, fundo kila sentimita 10, wino mwekundu kila sentimita 50, na boliti nzito mwishoni ili isipeperuke. Anayeishika ni konvoyeri wa mteja, msindikizaji wa mzigo, ambaye ana haki ya kushinda siku nzima melini akilinda mifuko ya bosi wake. Akiulizwa, anachota maji. Kweli anachota: kikopo kimefungwa juu kidogo ya boliti.

Vipimo ni sita kila mara: omo (mbele), katikati na tezi (nyuma), upande wa kulia na wa kushoto. Kipimo kimoja hakifai, kwa sababu wapakiaji wanaweza kujaza nyuma kwanza na meli ikainua pua. Ukipima omo tu utadhani imepanda juu badala ya kuzama. Wastani wa sita unaua kosa hilo. Saa ni alfajiri, ziwa likiwa limelala. Kuanzia mchana upepo wa kusini unaleta mawimbi na kila kipimo kinacheza sentimita tano huku na huku. Ikibidi kupima mchana, soma kamba mara kumi pale pale, tupa namba ya juu kabisa na ya chini kabisa, chukua wastani wa zilizobaki.

Urefu wa meli hii kwenye maji ni mita 32, umepimwa kwa hatua gatini na kuhakikishwa kwa kamba. Upana ni mita 6.5. Kwa kuwa pua imechongoka na nyuma imeviringana kidogo, eneo lake si mstatili kamili. Kwa meli za umbo hili tunachukua 0.8 ya mstatili.

32 × 6.5 × 0.8 = mita za mraba 166.4.

Maji ya Kivu hayana chumvi ya kuhesabiwa, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni tani moja, na kila sentimita meli inayozama ni kama tani 1.66.

Alfajiri, kabla ya kupakia: wastani sentimita 131. Jioni, mizigo yote ndani na abiria bado nje: sentimita 83. Tofauti ni 48. Hiyo ni karibu tani 80. Toa mapipa sita ya mazuti, yaani dizeli, yaliyoingizwa mchana, lita 1,200, kama tani moja. Mizigo: tani 79.

Manifesti, orodha rasmi ya mizigo ya meli, inasema tani 46.

Hapa ndipo wengi wanakimbilia kupiga kelele, na hapa ndipo inafaa kutulia. Mwanasheria wa upande wa pili ataanza na ile 0.8. Basi mpe 0.75. Atasema kamba ilisomwa vibaya. Mpe sentimita mbili. 32 × 6.5 × 0.75 × 0.46 ni tani 71.8; toa mazuti, inabaki kama 71. Hata tukimhurumia mwenye meli kwa kila namba, bado kuna tani 25 zisizo na karatasi. Ripoti itaandika 25 na si 33. Namba ndogo isiyoangushika ina thamani kuliko kubwa inayobishaniwa.

Shahidi wa pili ni kapita, msimamizi wa wabebaji. Wabebaji wanalipwa kwa mfuko, na kapita anaandika kila mfuko unaopita ubaoni, vijiti vinne na mkwaju wa tano, kila aina ya mzigo na ukurasa wake. Akiandika pungufu watu wake watamlia nyama. Akizidisha, mwenye meli atakataa kulipa. Kwa hiyo daftari lake linavutwa na pande mbili zenye njaa, na halina nafasi ya kuinama. Hakuna karatasi safi zaidi bandarini, ingawa imepakaa mafuta ya mawese.

Konvoyeri anamwendea kwa heshima yake, na soda.

“Papa kapita, bosi wangu anataka kujua mifuko yake iliingia mingapi.”

“Ya bosi yako, mia ine. Timilifu.”

“Na meli nzima, Papa?”

“Ile uulize bakubwa. Mimi sijue mambo ya makaratasi, najua mifuko tu. Lakini daftari iko pale juu ya pipa, na mimi naenda kunawa.”

Ukurasa kwa ukurasa: sukari na unga wa kilo 50, maharagwe ya kilo 100, chumvi, viazi, bidoni. Kwa uzito wa kawaida wa kila aina, daftari linafika tani 76. Kamba ilisema 79. Tofauti ya tatu ni ya kawaida, kwa sababu gunia la viazi halina kilo moja maalum. Kila mkulima anashindilia anavyojua.

Saa kumi na moja jioni konvoyeri anaitwa kusaini mstari wake kwenye manifesti. Mstari unasema: sukari, mifuko 240. Bidoni 100 ziko sawa.

Huu ndio moyo wa jambo lote. Mteja alilipishwa ada kwa tani kwa mifuko 400. Karatasi inayokwenda ofisini ina mifuko 240. Mifuko 160, tani 8, ada yake imekusanywa kwa mteja na haikufika kule ilikosemwa inakwenda. Na kuna la pili ambalo wafanyabiashara wachache wanalifikiria: meli ikizama, au shehena ikipotea, hati inayomlinda inasema 240. Ile 160 haikuwahi kupanda.

Konvoyeri afanye nini? Akikataa kusaini, sukari itashushwa gatini na meli itaondoka. Akisaini kimya, ameikubali 240. Njia ya katikati ni kusaini na kuandika kando ya saini, kwa mkono wake, “kwa sharti: mifuko 400 ilipakiwa”, na saa. Karani alinuna, akatazama foleni, akaacha. Kwa kawaida huacha, kwa sababu kubishana kunavuta macho kwenye ukurasa ambao yeye mwenyewe hataki utazamwe.

Usiku wa Jumanne, ziwani

Abiria wanapanda gizani. Mwenzetu amesimama karibu na ubao na maharagwe mfuko wa kushoto. Kila watu 10 harage moja linahamia kulia. Kichwani mtu hupotea akifika 60 au 70, hasa mama mwenye watoto wawili anapopita na godoro. Maharagwe 16 na watu 7: 167. Watoto wa mgongoni wanahesabiwa, maana nao huzama. Orodha ya abiria ina majina 118.

Watu 49 wa ziada kwa kilo 65 ni tani 3, kitu kidogo mbele ya tani 25 za chini. Lakini wako juu, sitahani, na uzito wa juu ndio unaopindua. Mizigo ya ziada inaishusha meli hadi wimbi dogo linaingia. Watu wa juu wanaifanya iyumbe. Vyote viwili vikikutana na upepo wa kusini, haihitajiki dhoruba.

Aprili mwaka huo huo wa 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi mwenyewe akatangaza watu kama 150 hawajulikani walipo, akaamuru kila abiria avae jile, fulana ya kuokolea majini. Hawajulikani walipo, tena kwa makadirio: orodha ikiwa ya uongo wakati wa kuondoka, hakuna wa kuisahihisha baada ya ajali. Ndiyo sababu sisi hatutenganishi faili ya pesa na faili ya usalama. Ni ukurasa ule ule wa manifesti.

Jile zimegawiwa wakati wa ukaguzi: 90. Jaribu la haraka ni kuiminya kwa ngumi. Povu zima linarudi papo hapo. Povu lililokufa linabaki na shimo la ngumi, na litanyonya maji. Kati ya 12 tulizozifikia, 5 zilibaki na shimo.

Idjwi inapita kushoto, giza tupu na taa za wavuvi wa sambaza mbele yake. Hakuna zaidi ya kuandika hadi asubuhi.

Jumatano, Bukavu

Kushusha kunaanza saa moja na nusu. Hapa pia kuna kapita na daftari lake, na la Goma na la Bukavu yanapaswa kukubaliana. Ya mteja: mifuko 397. Mitatu imepotea njiani. Hiyo mitatu ndiyo inayomkasirisha mteja, na ndiyo isiyo na maana kubwa. Wizi wa mfuko mzima ni wa mtu mmoja mwenye njaa usiku.

Kinachohitaji jicho ni mifuko iliyofika. Depo ya Kadutu, mzani umejaribiwa tena kwa maji ya chupa. Mifuko 40 yenye uzi wa bluu imefika yote. Inapimwa upya: 29 iko pale pale, 11 iko chini ya kilo 49, na mmoja una 47.6. Sukari haipungui kwa kukauka kiasi hicho. Ikibadilika kwenye ziwa lenye unyevu ingeongezeka kidogo. Kwa hiyo mifuko 11 inageuzwa juani na kukaguliwa. Karibu na mshono wa kando kuna alama ya duara, upana wa kidole gumba. Nyuzi za gunia hazijakatwa, zimesukumwa kando, kisha zikarudishwa kwa kukwaruzwa na ukucha. Ni bomba la chuma lililochongwa mshazari, lile ambalo wakaguzi hutumia kuchota sampuli: linaingia, kilo moja inatiririka, linatoka, mfuko unabaki mzima kwa macho. Kwa mfuko mmoja mmoja hakuna anayelalamika. Kwa robo ya mifuko 400, kilo na kitu kila mmoja, ni zaidi ya kilo mia.

Bomba lile linaweza kuwa la mwizi au la mtu mwenye haki ya kuchukua sampuli. Aliyekuja kihalali huacha hati ya sampuli. Mteja hana hati hata moja.

Alhamisi, Bukavu: sanduku la risiti

Mteja ana sanduku la viatu lenye karatasi za nusu mwaka. Kazi ya siku nzima, mezani, karibu na dirisha.

Risiti zinapangwa kwa dawati, halafu kwa tarehe, na namba za mfululizo zinasomwa. Dawati moja lilimpa mteja risiti namba 0417 mwanzoni mwa Juni na 0418 wiki mbili baadaye. Bandari ambayo watu wanapanga foleni kila siku haiwezi kuwa na daftari linalolala wiki mbili likimsubiri mtu mmoja. Daftari hilo limewekwa kwa ajili ya wateja wa komisioneri yule tu, na linatoka mfukoni mwa mtu. Kughushi muhuri ni rahisi. Kukumbuka kurukaruka kwa namba ni kazi ngumu, na wachache wanajisumbua.

Kisha mwanga wa pembeni. Risiti halali inaandikwa kwa karatasi ya kaboni: nakala ya mlipaji na kishina kinachobaki daftarini vinaandikwa kwa mkandamizo mmoja. Ukiinamisha karatasi dirishani na kuigeuza, unaona mifereji ya kalamu upande wa nyuma. Kwenye risiti sita mifereji ya tarakimu za kiasi ni mikali na ya jina ni hafifu. Inaelekea jina na kiasi havikuandikwa juu ya kitu kimoja: kilichokuwa chini ya karatasi kilibadilishwa, na kiasi kikaandikwa peke yake. Huenda kishina kina kiasi kingine. Hatujaona kishina na hatuna haki ya kukidai. Ripoti itasema hivyo hivyo, na itamwelekeza mwendesha mashtaka mahali pa kutazama.

Zinabaki noti za persepsioni zilizolipwa benki. Mpelelezi akienda benki peke yake atarudishwa mlangoni, na ni haki. Mteja ndiye anayeandika barua, anaambatanisha namba za noti na tarehe, anaomba uthibitisho wa malipo yaliyofanywa kwa jina lake. Vivyo hivyo kwa pesa za simu: ujumbe ulio kwenye simu ya mteja ni wake na unanakiliwa wote, namba ya muamala pamoja. Simu ya komisioneri haiguswi hata akiisahau mezani.

Ijumaa, Bukavu: ripoti

Ripoti inaandikwa kwa ngazi tatu, na kila sentensi inawekwa kwenye ngazi yake kabla haijachapwa.

Yaliyopimwa: mifuko 400 kwenye depo na kwenye daftari la kapita, 240 kwenye manifesti, tani zisizopungua 71 melini, 46 kwenye karatasi, abiria 167, majina 118. Yaliyosomwa: risiti zenye namba zinazofuatana, mifereji isiyolingana, malipo matatu bila karatasi. Yanayodhaniwa: kwamba komisioneri anaijua ile 240, kwa sababu ndiye pekee aliyeshika namba zote mbili siku moja. Hilo la tatu mteja anataka liwe la kwanza. Analigonga kwa kidole. Haliwezi. Karani aliyeandika 240 anaweza kuwa amepewa namba na komisioneri, na mwenye meli, au na desturi ambayo hakuna anayekumbuka ilianzishwa na nani. Vipimo vinaonyesha tofauti ilipo. Havionyeshi iliingia mfuko wa nani.

Kutenganisha hayo kunahitaji jaribio, na ni rahisi. Mzigo unaofuata ugawanywe mara mbili: mifuko 200 kwa meli hii hii bila komisioneri, konvoyeri akiandikisha mwenyewe, mifuko 200 kwa meli nyingine kupitia komisioneri yule yule. Manifesti ya kwanza ikipungua, ugonjwa uko melini. Ya pili ikipungua, uko kwa komisioneri. Zikipungua zote mbili, uko kwenye dawati, na hapo faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka likiwa na barua ya benki juu. Hadi siku hiyo bordero, orodha ya mzigo, inaandikiwa depo Birere, nakala tatu, idadi kwa tarakimu na kwa maneno, na kamba anabaki nayo konvoyeri.